Miaka Kumi Baada ya Leza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Upasuaji wa Macho Yasiyoona Mbali

Mimi ni mpima macho hapa Mombasa. Sipasui mtu. Kazi yangu ni kupima, kuandika namba ya miwani na kumtuma kwa daktari anayestahili kutumwa. Wanaokuja kuniuliza habari ya leza ni wa aina mbili: vijana wanaotaka kwenda kufanyiwa, na watu wazima waliofanyiwa zamani, wengine Nairobi, wengine India, ambao sasa wana jambo. Vijana huuliza habari ya wiki ya kwanza: kunauma? nitarudi kazini lini? Watu wazima ndio walionifunza kwamba maswali mazito ni ya mwaka wa kumi na wa ishirini, na majibu yake nimeyaandika hapa.

Leza inafanya nini hasa kwenye jicho?

Jicho lisiloona mbali mara nyingi ni jicho refu kupita kiasi, ukilipima kutoka mbele kwenda nyuma. Mwanga unakutana kabla haujafika kwenye retina, lile pazia la nyuma linalopokea picha, ndiyo maana unaona ukungu. Miwani inausogeza mwanga nyuma. Leza nayo inaikwangua konea, kile kioo cha mbele, ikapungua mbenuko wake, na mwanga ukafika panapotakiwa.

Konea ya kawaida ina unene wa maikroni kama 540 katikati, yaani nusu milimita na kitu kidogo. Kila dayopta moja (kizio cha nguvu ya miwani) ya namba yako inagharimu maikroni 12 hadi 15, kulingana na upana wa eneo linalochongwa. Mwenye -4 ataacha pale maikroni 50 au 60. Mwenye -9 ataacha zaidi ya 100, na hiyo haioti tena.

Urefu wa jicho haukuguswa. Jicho lilikuwa refu na linabaki refu. Ukishika hilo moja, nusu ya majibu yanayofuata utayajua kabla hujayasoma.

LASIK, PRK, SMILE: tofauti yake ni nini miaka mingi baadaye?

PRK ndiyo kongwe, ilianza kufanyiwa watu mwishoni mwa miaka ya 1980. Ngozi nyembamba ya juu ya konea huondolewa, leza inachonga, na ngozi inaota yenyewe baada ya siku chache zenye maumivu ya kweli. LASIK ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1990: hukatwa kifuniko chembamba, kinafunuliwa kama ukurasa wa kitabu, leza inachonga chini yake, kisha kinarudishwa. Kesho yake unaona. SMILE, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016, haina kifuniko. Daktari anachomoa kijipande cha ndani kupitia tundu dogo.

Kwa uwezo wa kuona baada ya mwaka mmoja, zinakaribiana sana. Zinapoachana ni kwenye mambo ya pembeni: kifuniko, ukavu, na nguvu iliyobaki kwenye konea.

Je, namba itarudi?

Inaweza, kidogo. Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na anayekujibu "hairudi kamwe" anakuuzia kitu.

Watafiti wa Hispania walichapisha mwaka 2008 matokeo ya wagonjwa wa LASIK waliofuatiliwa miaka 10, wenye namba za hadi -10. Baada ya muda huo wote, asilimia 73 ya macho yalikuwa ndani ya dayopta moja ya lengo. Takriban jicho moja kati ya matano lilikuwa limeguswa mara ya pili. Hizo zilikuwa mashine za miaka ya 1990, za leo ni sahihi zaidi. Lakini pia si wengi hapa wanaokwenda na -2 pekee. Wanaojitolea gharama yote ile ni wenye miwani minene, na hao ndio ambao namba zao hupenda kurudi.

Kwa nini inarudi? Kwanza, konea yenyewe hujaribu kujaza kilichochongwa: ngozi yake ya juu inakuwa nene pale katikati. Pili, jicho lenyewe linaweza kuendelea kurefuka. Ndiyo sababu madaktari hawataki kumgusa mtu wa chini ya miaka 18, na hata mwenye 22 wanamtaka aoneshe kwamba namba yake haijasogea zaidi ya nusu dayopta kwa mwaka mzima. Mwanafunzi wa chuo aliyebadilisha miwani mara mbili tangu kidato cha nne bado jicho lake liko safarini, na ukilichonga leo utakuwa umepima nguo kwa mtoto anayekua.

Ikirudi -0.75, wengi hawajali. Wanavaa miwani myepesi usiku wakiendesha gari, basi. Ikirudi zaidi, kugusa mara ya pili kunategemea unene uliobaki. Chini ya kifuniko hazifai kubaki chini ya maikroni 250, na madaktari waangalifu wanataka 300. Kuna watu ambao daktari atawaambia wazi: hapa hapana cha kuchonga tena, rudi kwenye miwani.

Nina miaka 44. Nilifanyiwa nikiwa na 30, mbali naona vizuri, mbona simu siioni?

Leza haijaharibika. Umefika umri. Kuanzia miaka 40 hivi, lenzi iliyo ndani ya jicho inakuwa ngumu na haiwezi tena kujikunja kuangalia karibu. Hili linampata kila mtu, aliyefanyiwa na asiyefanyiwa.

Tofauti ni kwamba asiyeona mbali ana siri yake: akivua miwani, anasoma. Mwenye -3 bila miwani anaona safi kabisa kwenye umbali wa sentimita 33, ambao ndio umbali wa kitabu, wa sindano, wa kuchambua mchele. Leza inaichukua siri hiyo. Nina mteja, mama mshonaji wa kofia za mkono, tundu ndogondogo zile za uzi mweupe, ambaye alifanyiwa akiwa na miaka 41 kwa sababu alichoka na miwani kujaa ukungu wa jasho. Mbali akaona mpaka meli zilizotia nanga nje. Kofia hakuiona. Hakuna aliyemkosea katika upasuaji wenyewe; kosa ni kwamba hakuna aliyemkalisha kitako akamuuliza, "Mama, mikono yako inafanya kazi gani?" Sasa ana miwani ya kusomea na amezoea, lakini kila akija hunikumbusha.

Kuna njia ya kati: jicho moja linawekwa la mbali, jingine linaachiwa -1 au -1.5 kwa ajili ya karibu. Wengine ubongo wao unalikubali, wengine wanaumwa kichwa. Lijaribu kwanza kwa lenzi za kubandika kwa wiki mbili kabla hujachongwa. Lenzi utazitoa, leza hutaitoa.

Macho makavu yanaisha?

Kwa wengi, ndiyo, ndani ya miezi 6 hadi 12. Leza inakata mishipa midogo ya fahamu ya konea, ile inayoliambia jicho "toa chozi, pepesa". Mishipa huota tena polepole. Katika utafiti uliofadhiliwa na serikali ya Marekani na kuchapishwa mwaka 2017, hadi asilimia 30 ya watu ambao hawakuwa na ukavu kabla ya LASIK walikuwa nao miezi mitatu baadaye. Wengi walipata nafuu. Wapo ambao hawakupata, na wachache sana hubaki na maumivu ya mishipa ambayo dawa ya matone haiyafikii.

Sisi wa pwani tuna yetu. Watu wanadhani kwa kuwa hapa kuna unyevu, jicho haliwezi kukauka. Kakae ofisini siku nzima chini ya kiyoyozi, ulale chini ya feni inayokupuliza usoni, upande bodaboda bila kioo wakati wa kaskazi, kisha uniambie. Ikiwa tayari unaamka macho yanachoma, litatue hilo kwanza. Jicho kavu kabla ya leza ni jicho kavu zaidi baada yake. Ukinunua matone, chagua yasiyo na kemikali ya kuhifadhi kama unayatia mara nyingi kwa siku.

Usiku taa zinazungukwa na duara. Ni kawaida?

Ni kawaida mwanzoni, na kwa wengi hufifia. Utafiti huohuo wa Marekani uligundua kwamba hadi asilimia 46 ya watu ambao hawakuwa na dalili yoyote ya namna hiyo kabla walipata angalau moja miezi mitatu baada ya upasuaji: duara, mng'ao, miale, au picha mbili. Idadi hiyo inatisha mpaka usome upande wa pili: waliosema dalili hizo zinawatatiza sana katika shughuli zao walikuwa chini ya asilimia moja, na wapo waliokuwa na dalili hizo wakivaa miwani ambao ziliwaondokea.

Bado, chini ya asilimia moja ni mtu. Kama wewe ni dereva wa lori la barabara ya Nairobi na maisha yako ni kupishana na taa kali usiku kucha, mwulize daktari ukubwa wa mboni yako gizani na upana wa eneo atakalochonga. Asiyetaka kujibu hilo, ondoka.

Nimesikia konea inaweza kubenuka baadaye. Kweli?

Kweli, ingawa ni nadra. Konea iliyopunguzwa sana, au iliyokuwa dhaifu tangu mwanzo bila mtu kujua, inaweza kuanza kusukumwa mbele polepole, miezi au hata miaka kadhaa baadaye. Uoni unapinda, na miwani haiurekebishi vizuri. Hili ndilo balaa linalowanyima usingizi wapasuaji wenyewe.

Kinga yake ni uchunguzi wa kabla. Kuna mashine inayochora ramani ya konea, mbele na nyuma, na ramani hiyo ndiyo inayoonesha aliye hatarini. Mashine ikimkataa mtu, huwa nafurahi. Kijana mmoja alinijia amenuna kwa kuwa alikataliwa baada ya nauli ya treni kwenda Nairobi na kurudi. Nilimwambia aliyemkataa amemfanyia hisani kuliko wote waliowahi kumwangalia macho.

Ishara moja ya nyumbani: kusugua macho. Watoto wetu wengi wana mzio, macho mekundu yanayowasha, na wanasugua kwa ngumi mpaka kope zinageuka. Kusugua kwa miaka kunahusishwa na konea inayokonda na kuchongoka. Mtu aliyekua hivyo na ambaye namba yake ya mshazari (ile ya konea isiyobenuka sawasawa pande zote) inapanda kila mwaka, asifikirie leza kabla hajachorwa ramani. Na aliyekwisha fanyiwa, asisugue. Hata kidogo. Jicho likiwasha, tibu mzio.

Ikitokea, kuna tiba ya kuikaza konea kwa matone ya vitamini B2 na mwanga wa urujuanimno. Inazuia isiendelee, haimrudishi mtu alipokuwa. Kuwahi ndiyo dawa.

Kile kifuniko cha LASIK hushikana kabisa?

Kingo zake hushikana. Kati yake hakirudi kuwa kama kabla hakijakatwa. Yameandikwa matukio ya kifuniko kuchomoka baada ya pigo la jicho, hata zaidi ya miaka 10 tangu upasuaji: kidole cha mtoto, tawi la mti, mpira. Ni nadra, na kikirudishwa haraka jicho huwa salama. Anayepigana ndondi au karate afanyiwe PRK, ambayo haina kifuniko.

Sasa sivai miwani. Bado nahitaji kupimwa macho?

Hapa ndipo ninapogombana na watu. Mtu aliyekuwa na -8, akachongwa, akaona hadi mstari wa mwisho, anaamini jicho lake sasa ni kama la kaka yake ambaye hajawahi kuvaa miwani. Rudi kwenye jibu la kwanza: jicho bado ni refu. Retina iliyovutwa ikatandazwa ndani ya jicho refu ni nyembamba. Hatari ya kutatuka na kubanduka, hatari ya kuharibika pale katikati panaposoma, hatari ya glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, zote ziko palepale zilipokuwa na miwani. Kilichoondoka ni miwani, ambayo angalau ilikuleta kwetu kila mwaka ikivunjika.

Kwa hiyo aliyekuwa na -6 au zaidi akaangaliwe retina kwa mboni iliyopanuliwa, kila mwaka. Na siku ukiona cheche za mwanga ambazo wengine hawazioni, vidoadoa vyeusi vinavyomwagika ghafla kama nzi, au pazia linaloingia kutoka upande mmoja, usisubiri Jumatatu. Retina iliyotatuka leo inaweza kuzibwa. Iliyobanduka wiki nzima ni habari nyingine.

Kuhusu glakoma, kuna mtego. Kifaa cha kupima presha kinaigandamiza konea, na konea iliyopunguzwa ni laini, kwa hiyo kinasoma chini ya ukweli, mara nyingi kwa milimita kadhaa za zebaki. Presha ya hatari inaweza kuandikwa kama ya kawaida. Na sisi watu weusi tunapata glakoma zaidi kuliko Wazungu, na tunaipata mapema. Kila anayekupima, mwambie: "Mimi nilifanyiwa leza." Makovu hayaonekani kirahisi, na mpimaji hawezi kuotea.

Nikizeeka nikapata mtoto wa jicho, ninaweza kupasuliwa?

Unaweza, bila shida. Kazi iko kwenye hesabu. Lenzi ya bandia inayowekwa ndani huchaguliwa kwa kupima mbenuko wa konea, na hesabu za kawaida zinadhani konea haijawahi kuguswa. Zikitumika hizo, mgonjwa hutoka akiona karibu zaidi au mbali zaidi ya alivyotarajia. Kuna hesabu maalumu kwa waliofanyiwa leza, na huwa bora zaidi daktari akipata namba zako za zamani.

Majibu mafupi ya maswali mafupi

*Macho yangu ni meusi sana, leza itafanya kazi?* Rangi ni ya kitu kilicho nyuma ya konea. Leza haifiki huko.

*Ngozi yangu hutoa makovu ya kuvimba nikijikata. Nitapata kovu jichoni?* Zamani watu kama wewe walikuwa wakikataliwa. Tafiti za baadaye hazikuona tatizo hilo kwenye konea. Lakini mtajie daktari.

*Nina mimba, au nanyonyesha.* Subiri. Namba huyumba wakati huo, na utachongwa kwa kipimo kisicho chako.

*Ramadhani na dawa ya matone?* Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi hapa pwani, tone la jicho halibatilishi saumu. Wudhu ndio wa kuuliza: siku za mwanzo maji yasiingie jichoni, basi mwulize sheikh wako kabla ya safari, si ukiwa bafuni.

*Wanja?* Acha siku kadhaa kabla, na wiki mbili baada. Kisha nunua mpya. Kile kichupa cha bibi kina vijidudu vya mwaka juzi.

*Kuogelea baharini?* Wiki mbili hadi nne bila. Kuzamia na mtungi, ngoja mwezi mzima angalau. Miwani ya jua kwa aliyefanyiwa PRK ni dawa, si urembo, kwa sababu jua kali linaweza kuleta ukungu kwenye konea miezi ya mwanzo.

*Mimi ni baharia.* Cheti chako cha afya kina ukomo wa miaka miwili. Kabla ya kuchongwa mwone daktari aliyeidhinishwa kukitoa, umwulize atahitaji usubiri muda gani na barua gani.

Wewe mwenyewe ungefanyiwa?

Huulizwa kwa kicheko, wakiniangalia miwani. Nina -2.5 na miaka 47. Nikivua, ninasoma gazeti lote mpaka matangazo ya vifo, na wenzangu wa rika langu wananiazima macho. Kwa nini niuze hicho? Lakini ningekuwa na miaka 25, namba imetulia, konea nene, na kazi ya kunifanya nitoke jasho mchana kutwa, ningepanda treni. Wengi waliofanyiwa, ukiwauliza, wanasema wangefanya tena. Wale wasiosema hivyo, karibu wote nilioonana nao, walikuwa na kitu ambacho kilionekana kabla na hakikuzungumzwa.

Nihifadhi karatasi gani?

Namba ya miwani ya kabla ya upasuaji, kila jicho peke yake. Vipimo vya mbenuko na unene wa konea vya kabla. Kiasi cha maikroni kilichochongwa. Namba ya miezi sita baadaye, iliyotulia. Tarehe, na aina ya upasuaji. Kliniki hufungwa, kompyuta huharibika, madaktari huhama nchi. Nimewahi kupiga simu kumtafutia mzee mmoja faili lake nikaambiwa jengo sasa ni duka la simu. Piga picha karatasi zako, zitume kwa mtoto wako na kwa barua pepe yako mwenyewe, na nakala uiweke pale unapoweka hati ya shamba.